Paka ana kisukari, na wewe hali yako ikoje?

Nikishamweleza mtu kwamba paka wake ana kisukari na atachomwa insulini kila baada ya saa 12, swali la kwanza huwa halimhusu paka. "Dokta, hivi mimi nitaweza?" La bei huja la pili. Mimi ni daktari wa mifugo, kliniki yangu iko Dar es Salaam, na siku hizi lile la kwanza nalitengea muda mrefu kuliko maelezo ya ugonjwa wenyewe. Sababu ninayo. Mwaka 2017 Stijn Niessen wa Royal Veterinary College, London, na wenzake walichapisha majibu ya madaktari wa wanyama zaidi ya 1,000 wa nchi mbalimbali. Kwa makadirio ya madaktari hao, mnyama 1 kati ya 10 wenye kisukari hupumzishwa (huuawa bila maumivu) kwa sindano pale pale ugonjwa unapogundulika, na mwingine 1 kati ya 10 ndani ya mwaka wa kwanza. Na huu ni ugonjwa unaotibika.

Sindano ya insulini ndiyo inayoogopwa kuliko vyote, nayo ndiyo inayozoeleka upesi. Ni nyembamba sana, unainua ngozi ya ubavuni paka akiwa anakula, na wengi hata kichwa hawainui kwenye sahani. Kumpa paka kidonge cha minyoo ni vita kubwa zaidi.

Kinachowamaliza watu ni namba. Mtu ananunua mashine ya kupima sukari, anatoboa ukingo wa sikio la paka, anaona 18 (kwa mmol/L), machozi yanamtoka. Saa moja baadaye anapima tena. Sasa, paka ana tabia moja ya kuudhi: sukari yake hupanda kwa hofu tu. Kukimbizwa chini ya kitanda, kupakiwa kwenye bajaji, kusikia mbwa akibweka kwenye benchi la kliniki, vyote vinaipandisha. Ndiyo maana sisi hupima pia fruktosamini, inayoonyesha hali ya sukari kwa wiki kama mbili zilizopita badala ya dakika ile. Nyumbani nawaambia watazame bakuli la maji, mchanga wake wa choo, uzito, na kama ameanza tena kujilamba manyoya na kurukia kochi. Paka anayekunywa maji kidogo na kunenepa taratibu anaendelea vizuri, hata kama juzi mchana mashine ilisoma 15. Dozi usiibadilishe mwenyewe kwa sababu ya namba moja.

Namba ya chini ni habari nyingine. Ikisoma chini ya 4, usimchome, piga simu. Ukimkuta amelegea, anayumba au ana degedege, mpake asali kwenye ufizi, akiweza kumeza mpe chakula, kisha mlete haraka. Hofu ya jambo hili ndiyo inayowaamsha watu saa 9 usiku kumulika paka kwa tochi ya simu. Dawa ya hofu hiyo ni kanuni moja: ukiwa na shaka kama ameshachomwa, usimchome. Dozi moja iliyorukwa haimuui paka. Mbili zilizochomwa kwa pamoja zinaweza. Kuna mume na mke wa Tabata, mmoja analinda zamu ya usiku, walikuwa wanagombana kila asubuhi kuhusu nani amechoma. Walitundika kalenda kwenye mlango wa friji, kalamu imefungwa kwa uzi. Anayechoma anatia alama kabla hajarudisha kichupa. Ugomvi uliisha, angalau ule wa paka.

Saa nazo tuelewane. Si lazima iwe saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Anayetoka Mbagala alfajiri na kurudi usiku tunampangia saa 11 alfajiri na saa 11 jioni ikiwa nyumbani kuna mtu, la sivyo tunatafuta saa nyingine zitakazoingia kwenye maisha yake. Kuchelewa kidogo hakuharibu kitu.

Shida ni msiba. Mama mmoja aliacha kwenda Moshi kumzika shangazi yake, akawaambia ndugu kwamba anaumwa, maana angeanzaje kusema ni paka? Niessen na wenzake waliwahi kuwauliza wenye paka wa kisukari nini kinawaumiza, wakachapisha mwaka 2010. Ugumu wa kumwacha paka kwa mtu mwingine ulikuwa miongoni mwa yaliyotia uzito zaidi. Kwa hiyo siku ile ya kwanza naomba uje na mtu wa pili: dada wa kazi, kijana wa jirani, yeyote mwenye mkono uliotulia. Anafanya mazoezi kwa maji na chungwa, hadi aache kutetemeka.

Halafu kuna maneno ya watu. "Binadamu wanakosa hela ya insulini, wewe unampa paka?" Hoja hiyo ina ukweli mchungu, lakini ukimwacha paka wako afe hakuna mgonjwa wa Temeke atakayepata chupa ya ziada. Mary Beth Spitznagel wa Kent State University, Marekani, alitumia dodoso lililotungwa kwa wanaouguza binadamu, akalirekebisha kwa wenye mbwa na paka wagonjwa. Matokeo, 2017: mzigo, msongo na dalili za sonona na wasiwasi vilikuwa vingi kwao kuliko kwa wenye wanyama wasioumwa. Uchovu wako una jina kwenye vipimo vya wataalamu. Shemeji acheke tu.

Tahadhari kuhusu tumaini. Baadhi ya paka, hasa wakianza insulini mapema na kuacha vyakula vya wanga, hufika mahali sukari ikatulia bila sindano. Ugali wa dagaa ni bora upunguze ugali. Lakini wengine hawafiki, hata mlezi akifuata kila kitu, na hapo watu hujilaumu bure.

Wengine huchoka kabisa, au pesa huisha. Ukifika hapo usikae kimya ukaruka dozi kwa aibu. Njoo, hata bila paka. Tunaweza kupunguza vipimo, kupanga upya saa, kutafuta dawa ya bei unayoimudu, na ikibidi tutazungumza kuhusu kumpumzisha. Mazungumzo hayo siyatozi.