Je, wajua kwa nini nyumba ya Albert Frey ina jabali ndani?

Kwa sababu jabali lilikuwepo kwanza. Frey, msanifu majengo, alichagua kiwanja kwenye mteremko wa mlima San Jacinto, juu ya mji wa Palm Springs katika jangwa la California. Wengi wangelipua mawe wapate uwanja tambarare. Yeye alisimika nguzo, akafuatilia mwendo wa jua mwaka mzima, ndipo akachora ramani.

Nyumba ilikamilika 1964. Ni ndogo sana, na jabali limepenya ukuta wake wa kioo, nusu nje, nusu ndani, huku kioo kikiwa kimekatwa kufuata kila pindo la jiwe. Ndani, jabali hilo ndilo linalotenga kitanda na sebule, na swichi ya taa imefungwa kwenye jiwe lenyewe. Mapazia ni ya manjano, kama maua ya vichaka vinavyochanua mlimani hapo. Paa la alumini yenye migongo kama bati linalala sambamba na mteremko, na limetokeza mbele kiasi cha kuzuia jua kali la kiangazi linapokuwa utosini, lakini jua la majira ya baridi, linalopita chini, huingia hadi ndani. Kwangu mimi hapo ndipo ulipo ustadi wake: kabla hujafikiria kiyoyozi, jua lijue.

Frey alizaliwa Zürich, Uswisi, mwaka 1903. Alifanya kazi Paris katika ofisi ya Le Corbusier, msanifu majengo mashuhuri, akahamia Marekani 1930. Mwaka uliofuata yeye na msanifu mwenzake A. Lawrence Kocher walionyesha New York nyumba ya chuma na alumini, Aluminaire. Kazi ya kumjengea ndugu wa Kocher ndiyo iliyomfikisha Palm Springs mwaka 1934, na jangwa likamteka. Ukiacha miaka michache aliyorudi New York, maisha yake yote yaliyobaki aliyaishi hapo.

Mji ulinufaika. Jumba la halmashauri la 1952 ni kazi yake na wenzake: kibaraza chake cha mbele kina tundu kubwa la duara ambamo mitende imepenya kwenda juu. Kituo cha mafuta cha 1965, alichosanifu na Robson Chambers, kina paa lililochongoka kama bawa. Kilinusurika kubomolewa na sasa kinapokea wageni wanaoingia mjini.

Frey alifariki 1998, akiwa na miaka 95. Nyumba yenye jabali aliiachia Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Palm Springs, ambalo tangu 2024 linaonyesha pia Aluminaire.