Kondakta hakuimba taarabu

Juzi kwenye daladala, kondakta na abiria waligombea chenji mpaka wakatoleana maneno ya nguoni. Dada aliyekaa nyuma yangu akacheka: "Leo tumepata taarabu ya bure." Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Taarabu ni muziki wa mwambao wetu: mashairi yanayoimbwa kwa udi, ganuni, fidla, nai na dumbaki, na siku hizi kinanda cha umeme. Hilo halina mjadala.

Utamu uko kwenye jina. Limetoka kwenye Kiarabu, tarab, na huko asili yake si jina la muziki. Ni ile hali inayomshika msikilizaji: macho yanafumba yenyewe, kichwa kinayumba, "Allah!" inamtoka bila kutaka. Kwetu jina la raha likahamia kwenye kinacholeta raha. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kumpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze ganuni. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa. Nyimbo za wakati huo zilikuwa za Kiarabu, za jumba la mfalme na mabwana wa mjini. Siti binti Saad, mtoto wa kijiji cha Fumba, Unguja, aliyewahi kuuza vyungu, akaziimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akavuka bahari na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri. Jina la Kiarabu, ganuni ya Misri, santuri ya Bombay, maneno ya Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida nje ya Mji Mkongwe. Halafu mtu aniambie ni kelele za uswahilini!

Sasa mipasho. Neno linatokana na kupasha, kumpasha mtu habari zake. Mipasho ni maneno yaliyomo ndani ya wimbo. Si jina la muziki. Sisemi vijembe vimeletwa na rusha roho, ile taarabu ya kisasa ya miaka ya 1990, la. Vikundi vya kina mama wa Unguja vilirushiana vijembe zamani sana. Ila vilivikwa fumbo. Mwimbaji hamtaji mtu. Ubeti ukifika, mama mmoja anainuka, anakwenda kumtunza mwimbaji taratibu, noti mkononi, jicho kwa mbaya wake. Hapo anayesema ni mtunzaji, na mwenye kusemwa hana pa kushika. Rusha roho imepunguza fumbo tu, na wengine tunalililia mpaka leo.

Kwa hiyo, dada yangu, yule kondakta hakuimba taarabu, alitukana. Ukitaka neno la karibu sema alimpasha, ingawa hata mpasho una vina.