Masomo ya Ugenini Yahesabike Nyumbani: Ulaya Ilivyooanisha Elimu ya Juu

Mwaka 1958 mwanafunzi wa sheria wa Kiitalia, Sofia Corradi, alirejea Roma akitokea New York, ambako alikuwa amesoma kwa ufadhili wa Fulbright na kutunukiwa shahada ya uzamili ya sheria linganishi na Chuo Kikuu cha Columbia. Alipoomba masomo hayo yahesabiwe katika shahada yake ya nyumbani alikataliwa, tena akakemewa mbele ya watu kana kwamba alikuwa ametoka matembezini. Mwaka 1969, akiwa mshauri wa baraza la wakuu wa vyuo vikuu vya Italia, aliandika pendekezo kwamba mwanafunzi aruhusiwe kusoma sehemu ya programu yake katika nchi nyingine na masomo hayo yatambuliwe na chuo chake. Miaka 18 ilipita kabla ya Erasmus, mpango wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, kuanza, mwaka 1987, ukiwa na wanafunzi 3,244 kutoka nchi 11.

Wanaofika ofisini kwetu kuulizia masomo ya Ulaya huuliza kwanza habari za viza, nauli, ada na pango, na ni haki yao kuuliza. Lakini lipo swali moja ambalo wachache hulitaja, nalo ndilo lililomuumiza Corradi: muhula nitakaousoma huko utahesabika wapi, na nani atauhesabu? Mwanafunzi anaweza kupata viza, akafaulu mitihani yote, kisha akarudi na kutakiwa kurudia mwaka. Kazi kubwa ambayo Ulaya imeifanya kwa zaidi ya miaka 25 ni ya kulijibu swali hilo kabla mwanafunzi hajafunga mizigo.

Kabla ya hapo kila nchi ilikuwa na ngazi zake. Ujerumani ilitoa Diplom na Magister, shahada ndefu ambazo mtu hakuweza kuishia njiani akatoka na cheti kinachoeleweka; Italia ilikuwa na laurea yake; Uingereza ilitoa shahada ya kwanza kwa miaka mitatu. Mei 1998 mawaziri wa Ufaransa, Ujerumani, Italia na Uingereza walikutana Sorbonne, Paris, wakakubaliana kuzioanisha ngazi hizo, na tarehe 19 Juni 1999 nchi 29 zikatia saini tamko la Bologna, mji wa Italia, la kuwa na ngazi zinazolingana: shahada ya kwanza, kisha ya uzamili. Mwaka 2010 likazinduliwa Eneo la Elimu ya Juu la Ulaya, ambalo leo lina nchi wanachama 49, zikiwemo Uturuki na Kazakhstan zilizo nje ya Umoja wa Ulaya, ingawa haki za ushiriki za Urusi na Belarus zilisimamishwa mwaka 2022. Tamko hilo si mkataba wenye nguvu ya sheria. Kila nchi ilibadili sheria zake yenyewe, kwa mwendo wake, na ndiyo maana hadi leo masomo ya utabibu na ya sheria katika nchi kadhaa yamebaki na programu ndefu za zamani.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotoka, wakidhani kuoanisha ni kufananisha. Mfanyabiashara wa mchele wa Mbeya na mwenzake wa Shinyanga hawahitaji kuuza mchele wa aina moja ili wafanye biashara. Wanachohitaji ni pishi moja. Pishi ya vyuo vya Ulaya ni krediti. Mwaka mmoja wa masomo ya muda wote ni krediti 60, na kila krediti ni kazi ya saa 25 hadi 30. Kazi hiyo si ya darasani peke yake. Kozi ya krediti 6 inamdai mwanafunzi saa 150 hadi 180. Ikiwa ana vipindi vya saa nne kwa wiki katika muhula wa wiki 15, saa za darasani ni 60 tu, na zilizobaki, 90 hadi 120, ni za maktaba, maabara, kuandika na kujiandaa kwa mtihani. Kipimo hiki kina udhaifu ambao sipendi kuuficha: kinapima jasho, hakipimi uelewa. Ndiyo maana krediti haitolewi mpaka mwanafunzi afaulu, na kila kozi hutakiwa kueleza mwanafunzi ataweza kufanya nini akiimaliza.

Anayekwenda kwa Erasmus huwa na karatasi nyingine muhimu kuliko tiketi, nayo ni mkataba wa masomo. Una majedwali mawili: la kwanza linaorodhesha kozi atakazosoma ugenini, na la pili sehemu ya programu ya nyumbani ambayo kozi hizo zinaichukulia nafasi. Saini ni tatu: ya mwanafunzi, ya chuo kinachomtuma na ya chuo kinachompokea. Kozi ikifutwa baada ya kufika, mabadiliko nayo hutiwa saini. Chuo kilichosaini hakiwezi tena kusema hakikujua.

Kwa shahada kamili, ngao ni mkataba wa Lisbon wa mwaka 1997, ulioandaliwa na Baraza la Ulaya pamoja na UNESCO. Kiini chake ni kwamba sifa za mwombaji zitambuliwe isipokuwa pale tofauti kubwa inapothibitishwa, na mzigo wa kuithibitisha uko kwa taasisi, si kwa mwombaji. Shahada yenyewe huambatanishwa na maelezo ya sehemu nane, na ya mwisho hueleza mfumo mzima wa elimu ya juu wa nchi iliyoitoa, ili ofisa wa udahili wa mbali asibahatishe.

Si yote yaliyofanikiwa. Mwaka 2009 mawaziri wa nchi za Bologna waliokutana Leuven, Ubelgiji, waliweka lengo kwamba ifikapo 2020 angalau asilimia 20 ya wahitimu wawe wamesoma au kupata mafunzo nje ya nchi zao, na lengo hilo halikufikiwa. Mwaka huohuo wanafunzi waliukalia ukumbi mkuu wa mihadhara wa Chuo Kikuu cha Vienna, wakilalamika, pamoja na mengine, kwamba masomo ya shahada ya kwanza yamebanwa mno katika miaka mitatu. Naona walikuwa na hoja, kwa sababu ratiba iliyojaa hadi pomoni haimwachii mtu nafasi ya kuondoka hata muhula mmoja. Isitoshe, ruzuku ya Erasmus mara nyingi haitoshi pango, hivyo mtoto wa mzazi asiyeweza kuongezea hubaki nyumbani hata kama karatasi zake zimekamilika.

Afrika Mashariki imejifunza kutoka huko. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lilijenga mfumo wake wa kudhibiti ubora kwa ushirikiano na Wajerumani, na Mei 2017 wakuu wa nchi waliokutana Dar es Salaam walilitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Ila pishi zetu na za Ulaya bado hazilingani. Tanzania krediti moja ni saa 10, na mwaka ni krediti 120. Ofisa wa Ulaya akiona kozi ya krediti 12 bila maelezo, anaweza kuisoma kama kazi ya saa 300, ilhali ni saa 120. Au akashindwa kuilinganisha na chochote, akaiweka pembeni. Kwa hiyo, unapoomba nakala ya matokeo yako, hakikisha imeandikwa krediti moja ni saa ngapi, na uombe muhtasari wa kila kozi ukiwa na mhuri wa idara, mapema, ukiwa bado uko chuoni.