Leteni picha za bibi wa wakati wa vita, ila msizilamineti

Tangu sisi wa hifadhi ya kumbukumbu tuanze kuomba watu walete picha na karatasi za familia za wakati wa vita, simu nyingi ni hivi: babu yangu alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza), nyie mnalipa shilingi ngapi? Hatulipi. Ukiuliza na bibi je, jibu ni lile lile, bibi alikaa tu nyumbani. Jamani, alikaa saa ngapi?

Vita ya kwanza, 1914 hadi 1918, wake wa askari wa Mjerumani walitembea na kikosi cha kamanda wao Lettow-Vorbeck, mtoto mgongoni mzigo kichwani, baadhi mpaka ng'ambo ya Ruvuma, na wakifika kambini wao ndo kwanza wanaanza kutwanga na kupika. Huku nyuma wanaume walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Mwingereza, hao Carrier Corps waliotuachia jina la Kariakoo, shamba likabaki kwa mwanamke peke yake na majeshi yanapita yanabeba nafaka na ng'ombe, Ugogo ikaingia njaa waliyoiita mtunya. Vita ya pili tena, zaidi ya wanaume 80,000 wa Tanganyika waliingia jeshini, wengine mpaka Burma. Nani aliamua mbuzi gani auzwe?

Uingereza Desemba 1941 walipitisha sheria ya kuwaita kazini wanawake wasioolewa wa miaka 20 hadi 30, kwa hiyo waliandikishwa, karatasi zipo. Wa kwetu walifanya kazi bila kuandikishwa na mtu, ndo maana pale Posta Dar es Salaam ile sanamu ya 1927 ni ya askari mwanaume na bunduki yake, na ndo maana tunasumbua makabati yenu.

Sasa utaratibu. Picha isilamineti, plastiki ikishapita kwenye moto haitoki tena na picha inakufa humo humo, mwezi huu tu tumeshaletewa kadhaa. Selotepu hapana. Majina nyuma andika kwa penseli laini, pembeni, usikandamize. Fomu ziko mbili, ya kuazimisha (tunaskani unarudishiwa) na ya kutoa kabisa, anayesaini ni mwenye mali, kama ni urithi wa ndugu watano kubalianeni kwanza huko nyumbani maana sisi sio baraza la ukoo. Mali ya familia hatumnyang'anyi mtu. Ila faili la bomani ambalo mzee "alihifadhi" ni kumbukumbu ya serikali, iko Sheria ya kumbukumbu na nyaraka, Namba 3 ya 2002, na kuiondoa au kuiharibu ni kosa, kwa hiyo usiichane wala usiiuze, ilete tuongee.

Mkija na bibi mwenyewe njooni asubuhi kabla ya foleni, na akiulizwa swali mjukuu asimjibie.