Je, wajua? Ruzizi ni mpaka, lakini si hadi mwisho

Ukiuliza mtu wa Bukavu mpaka wa mashariki wa Kongo uko wapi, atakuonyesha mto Ruzizi, na kwa pale hajakosea: ukivuka daraja la kituo cha mpaka cha Ruzizi ya kwanza umeshafika Cyangugu, Rwanda. Tatizo ni kwamba wengi huamini hali ni hiyohiyo hadi Uvira, kwamba mto unaotoka Ziwa Kivu ndio unaotenganisha nchi mpaka unapoingia Tanganyika. Sivyo. Anayetoka Uvira kwenda Bujumbura hukaguliwa Kavimvira, kituo cha mpaka cha Kongo, akaingia Burundi, akapita Gatumba, ndipo akakuta daraja la Ruzizi. Mto wenyewe, pale ulipo mkubwa kuliko kote, uko ndani ya Burundi. Kwa nini?

Mto una urefu wa kilometa 117 hivi. Unatoka Kivu kwenye mwinuko wa mita 1,460 na kuishia Tanganyika kwenye mita 770 hivi. Sehemu kubwa ya mteremko huo imo katika korongo la kati ya Bukavu na Kamanyola, ndiyo maana mitambo ya umeme ya Ruzizi I na Ruzizi II ilijengwa huko juu. Mpaka ni wa Kongo na Rwanda hadi mto Ruhwa unapoingia; kuanzia hapo ni wa Kongo na Burundi.

Sasa historia, na hapa kuna kosa linalorudiwa hata madarasani: kwamba wazungu walikaa Berlin wakauchora mpaka huu juu ya mto. Mkutano wa Berlin ulifungwa Februari 1885. Mpaka ulitajwa Agosti 1 mwaka huo, katika tangazo la Dola Huru la Kongo la mfalme Leopold II, na haukufuata mto hata kidogo. Ulikuwa mstari ulionyooka, kutoka ncha ya kaskazini ya Tanganyika hadi mahali ambapo longitudo 30 mashariki inakutana na latitudo ya digrii 1 na dakika 20 kusini, karibu na mpaka wa leo wa Rwanda na Uganda. Chukua ramani na rula uupige mwenyewe. Utaona Ziwa Kivu lote linabaki upande wa Kongo, pamoja na Cyangugu, Kibuye na Gisenyi.

Waliouchora walijua ncha ile kwa sababu Livingstone na Stanley walifika huko mwaka 1871 na kuhakikisha kwamba Ruzizi inaingia ziwani, haitoki. Kaskazini ya hapo hawakuwa na habari. Mjerumani von Götzen alifika Ziwa Kivu mwaka 1894, miaka tisa baada ya mstari kuwekwa.

Mto uliingia katika hesabu kwa nguvu ya askari. Mwaka 1897 majeshi ya Leopold upande wa mashariki yaliasi, vituo vya bondeni vikaachwa, Wajerumani, waliokuwa watawala wa upande wa Rwanda na Burundi, wakasogea wakidai kwamba Ruzizi na Kivu ndizo mpaka wa asili. Novemba 1899 maofisa wawili, Bethe wa Wajerumani na Hecq wa Dola Huru la Kongo, wakawekeana mapatano ya muda, na ya kudumu yakapatikana Brussels mwaka 1910. Kisiwa cha Idjwi, kilichomo Ziwa Kivu, kilipewa Ubelgiji, iliyokuwa imeshaichukua Kongo. Kuhusu kisiwa hicho, kuna wanaosema kilikuwa cha Rwanda tangu kale. Kwamba mfalme Rwabugiri wa Rwanda alikiteka ni kweli. Lakini baada ya kifo chake mwaka 1895 utawala huo haukudumu, kwa hiyo neno "tangu kale" linabebeshwa mzigo mkubwa kuliko ushahidi.

Jibu la Gatumba limo katika maneno ya 1910. Kuanzia Kivu, mpaka ni mstari wa katikati ya mto. Lakini kwenye delta, pale mto unapogawanyika mikono kabla ya kuingia Tanganyika, mpaka unafuata mkono wa magharibi. Walitaja mkono. Hawakusema mkono wenye maji mengi.

Na delta haitulii. Mto ukishuka kutoka milimani hubeba mchanga na udongo. Ukifika penye tambarare, mwendo unapungua na mzigo unatua. Fikiria mfereji wa barabarani Bukavu baada ya mvua: tope linajaa chini, sakafu ya mfereji inapanda, mwishowe maji yanaruka ukingo na kujitafutia njia mpya pembeni palipo chini zaidi. Delta hufanya vivyo hivyo, ila kwa miaka mingi. Mkono mmoja unazibika, mwingine unabeba karibu maji yote. Leo maji mengi yanapita mashariki ya Gatumba, na mpaka umebaki magharibi yake.

Kwenye tambarare, juu ya delta, shida ni nyingine: mto unapinda, unachimba ukingo wa nje wa kona na kuweka mchanga ukingo wa ndani. Sheria ya kimataifa kwa kawaida husema mto ukihama polepole, mpaka unahama nao. Ukikata njia mpya kwa ghafla, mpaka unabaki kwenye njia ya zamani. Kwa mkulima wa ukingoni tofauti hiyo ni shamba zima, na kuithibitisha kunahitaji vipimo vilivyochukuliwa kabla ya mafuriko, si baada yake.