Chema hakijiuzi darasani

Kila matokeo ya muhula yakibandikwa ukutani, maneno ni yale yale: wenye vipaji ndio hao kumi bora, na kwa kuwa chema chajiuza, waacheni tushughulike na wanaoanguka. Nimechoka kuyasikia. Hiyo ni methali ya sokoni. Darasani, chema hujificha.

Orodha ya namba huonyesha aliyemaliza silabasi, mwenye mwandiko unaosomeka, anayelipiwa tuisheni ya Jumamosi. Kipaji chaweza kuwa juu humo, chaweza kuwa namba 31. Watoto wanne wa Gredi ya 10 wakipata 95 kwenda juu, mtihani umewaishia. Hujui nani angeendelea. Wape karatasi ya mwaka unaofuata, bila maandalizi. Mmoja akipata 20 na mwingine 65, pengo hilo ndilo ulilokuwa ukilitafuta.

Linaloniudhi zaidi ni hili la hatua. Kabla hujafundisha tofauti ya miraba miwili, andika ubaoni 98² − 2². Wengi watazidisha 98 kwa 98, wapate 9,604, watoe 4. Mmoja ataandika 9,600, basi. Mwalimu atamnyima alama za njia, pengine amshuku kwamba ameiba jibu kwa jirani. Mwalimu mwenzangu, weka kalamu nyekundu chini umwulize kwa mdomo: na 997² − 3² je? Aliyeiba atakwama. Aliyeona atasema 994,000, kisha atakuambia kwa maneno yake yasiyopangika kwamba 997 na 3 ni 1,000, 997 toa 3 ni 994, na 1,000 mara 994 haihitaji karatasi. Mfundishe kuandika hatua, maana msahihishaji wa mtihani wa taifa haoni yaliyo kichwani mwake. Lakini jina lake liandike siku hiyo hiyo.

Vipimo vya akili, yaani IQ, vina nafasi yake. Matriki za Raven za 1938, maswali 60 ya michoro matupu, humfichua mtoto aliyefunikwa na Kiingereza. Ila usimwondoe mtu kwa kipimo kimoja: utafiti wa mwanasaikolojia Lewis Terman wa watoto wenye IQ ya juu, ulioanza California mwaka 1921, uliwapima William Shockley na Luis Alvarez ukawaacha nje. Wote wawili walishinda Nobel ya fizikia, 1956 na 1968.

Ukishampata mwenye kipaji, mpe jaribio la mada kabla ya kuifundisha. Akifikisha 85, asikae vipindi sita akingoja wenzake. Usimwongezee maswali 40 ya aina ile ile. Hiyo ni adhabu, na mwezi ujao ataificha akili yake. Wala usimgeuze mwalimu msaidizi wa kila siku. Mpe tatizo moja la wiki nzima: kati ya 1 na 100, ni namba zipi haziwezi kuwa tofauti ya miraba ya namba nzima mbili, na kwa nini? Zipo 25, kuanzia 2, 6, 10. Kuzitaja ni rahisi. Kazi iko kwenye “kwa nini”. Ijumaa kaa naye dakika 15 umsikilize.

Hiyo 85 yenyewe ni makadirio, na jaribio hilo lina kasoro inayonisumbua: hupima alichokwisha kukutana nacho. Mtoto wa Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi, aliyekaa nyumbani wiki mbili kwa sababu ya karo atapata 30 na kuachwa. Kwa hiyo lirudie baada ya vipindi viwili, kwa darasa zima, ukibadilisha namba tu. Aliyetoka 30 akafika 80 mwite kwanza, kabla ya yule aliyekuwa na 85 tangu mwanzo.