Degedege, Kuchelewa Hospitali na Ulemavu wa Akili: Maswali Tunayoulizwa Wodini

Ulemavu wa akili ni nini hasa?

Ni hali ya mtoto kuwa nyuma sana ya wenzake wa rika lake katika kujifunza, kufikiri na kujihudumia, nayo huanza utotoni. Si kichaa. Kichaa ni maradhi, humpata hata mtu mzima aliyesoma, na kina dawa. Ulemavu wa akili hauna kidonge. Una mafunzo, na mafunzo yanasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Unasababishwa na nini?

Wako wanaozaliwa nao, kama watoto wenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada. Wako waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa kwa sababu mama alikaa na uchungu nyumbani mpaka akaishiwa nguvu. Wako waliopata manjano kali, yaani ngozi na macho kuwa ya njano, siku za mwanzo, wakaachwa waote jua tu. Lakini wanaoniumiza zaidi ni wale waliokuwa wazima kabisa, wanaimba na kuhesabu, wakapata malaria ya ubongo au homa ya uti wa mgongo, nasi tukaletewa siku ya pili au ya tatu.

Kwa hiyo degedege ndilo linaloharibu ubongo?

Degedege ni dalili. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, degedege fupi linaloletwa na homa mara nyingi hupita bila kuacha madhara. Shida ni kwamba ukiwa nyumbani huwezi kujua kama hili ni la homa tu, la malaria ya ubongo au la uti wa mgongo. Hata mimi kwa macho sijui. Ndiyo maana tunapima.

Wazee wanasema degedege ni la shetani, na mtoto akichomwa sindano atakufa. Ni kweli?

Hapana. Najua imani hii inakotoka. Mtoto anakaa kwa mganga wa kienyeji siku mbili, analetwa hospitali hajitambui, anachomwa sindano, anafariki usiku ule ule. Mtaani sindano ndiyo inayolaumiwa; zile siku mbili hazitajwi.

Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya utafiti wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, wakiwemo wa hospitali za Muheza na Korogwe hapa kwetu Tanga. Walilinganishwa waliotibiwa kwa kwinini na waliotibiwa kwa artesuneti, dawa zote mbili za sindano. Katika kila watoto 100 waliopewa artesuneti, zaidi ya 91 walinusurika, na kwinini ilikuwa nyuma yake kidogo. Hao walikuwa wagonjwa mahututi. Sindano haiui mtoto mwenye degedege. Kuchelewa ndiko kunakoua, na asipokufa, ndiko kunakoweza kumwacha na ubongo ulioumia.

Na nikipitia kwa mganga mara moja tu, kisha nije hospitali?

Hapana. "Mara moja tu" huwa ni usiku mzima. Njoo kwanza. Ukitaka dua, mtoto ataombewa akiwa amewekewa dripu. Hakuna muuguzi atakayekufukuza.

Degedege likianza nifanye nini?

Mlaze ubavu, legeza nguo, ondoa vitu vigumu karibu yake, tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni, wala kidole, wala dawa ya kunywa. Usimfukize kwa kinyesi cha tembo. Usimkojolee. (Ndiyo, bado tunaletewa watoto wananuka mkojo na moshi, wakati malaria ina kipimo cha dakika 15 pale zahanati.) Likipita dakika 5, likirudia, au asipozinduka, ni hatari kubwa. Lakini hata likikoma lenyewe, mlete. Kama hospitali ni mbali, mtoto wa chini ya miaka 6 anaweza kuwekewa dozi ya kwanza ya artesuneti kwa njia ya haja kubwa, kisha safari inaendelea. Usiikatae kwa aibu, na usirudi nyumbani ukidhani imetosha.

Ameshapona malaria ya ubongo. Kuna haja ya kurudi?

Ipo. Watafiti waliofuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 mjini Kampala waliripoti mwaka 2008 kwamba, miaka 2 baada ya kupona, kama mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika kukumbuka, kuwa makini au kujifunza. Kwa watoto wa maeneo yale yale ambao hawakuugua, ni kama 8 katika 100. Si wote waliopona na upungufu huo wana ulemavu wa akili, lakini ndio wanaochapwa shuleni kwa "uvivu". Mwambie mwalimu mtoto aliugua nini. Akianza kuanguka bila homa, huenda ni kifafa. Kifafa kina dawa, na dawa haiachwi kwa sababu amepata nafuu.

Wangu ana ulemavu tayari, ana miaka 9, na hajawahi kusoma. Nifanye nini?

Mtoe ndani kwanza. Mtoto anayefichwa hafundishwi, na anayemdhuru haonekani. Apimwe masikio na macho, maana wapo walioitwa wajinga kumbe hawasikii. Akiwa na ugumu wa viungo, muulize daktari kuhusu fiziotherapia, yaani mazoezi ya tiba ya viungo. Kisha nenda kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri akuelekeze shule yenye kitengo cha elimu maalumu, na kwa afisa ustawi wa jamii. Elimu ni haki yake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inasema hivyo, si fadhila ya mwalimu mkuu.

Nyumbani, gawa kila kazi vipande vidogo. Kuvaa shati: wiki hii aingize mkono mmoja tu, umsifu. Akiuzoea, mfundishe wa pili. Vifungo baadaye.